Kwanza Soma, Jalada Gumu Baadaye

Nikiulizwa ninunue kipi kati ya kitabu cha jalada gumu na cha jalada laini, jibu langu halibadiliki: kama unanunua ili usome, chukua laini. Jalada gumu lije baadaye, kwa kitabu ambacho umeshakisoma na moyo umekataa kuachana nacho. Na hata hapo usitoe fedha kabla hujakagua mgongo wake, kwa sababu jalada gumu la siku hizi mara nyingi halina tofauti yoyote na laini ukiingia ndani.

Wapo wanaoamini kwamba msomaji wa kweli hujaza rafu majalada magumu, na kwamba jalada laini ni la mtu aliyekosa uwezo. Imani hiyo naipinga kwa nguvu zote. Imewafanya watu wengi waahirishe kununua kitabu wanachokitamani wakingoja siku watakapomudu toleo "la heshima", na siku hiyo ikifika hamu ya kusoma imeshapoa.

Kusoma ni kazi ya macho na akili, lakini mikono nayo haina mapumziko. Riwaya ya kurasa 600 yenye jalada gumu inaweza kukaribia uzito wa kilo moja. Ishike juu ya uso ukiwa umelala chali, na baada ya kurasa chache utaanza kuhangaika: unageuka ubavu huu, unageuka ule, unaiegemeza kifuani, herufi zinakuwa karibu mno. Kwa mwenye maumivu ya viungo vya vidole, uzito huo unatosha kumfanya afunge kitabu mapema. Toleo laini la riwaya hiyohiyo hushikika kwa mkono mmoja, kidole gumba kikiwa kati ya kurasa. Linaingia mkobani bila kukuchagulia kingine cha kuacha. Unalisoma kwenye foleni, kwenye kiti cha basi, ukimsubiri mtu aliyechelewa. Sehemu kubwa ya usomaji wa watu wenye shughuli hufanyika katika vipande hivyo vya muda, na kitabu kilichoachwa nyumbani kwa sababu ya uzito hakina nafasi ndani yake.

Kuna jambo la pili, nalo kwangu lina uzito zaidi. Jalada laini hukupa ruhusa. Unapigia mstari sentensi iliyokugusa, unaandika swali pembeni, unakunja pembe ya ukurasa, unamwazima rafiki bila kumpa masharti. Vitabu vya jalada gumu watu huvitunza kama vyombo vya wageni: vipo kabatini, vinapendeza, na mwenye nyumba mwenyewe anaogopa kuvigusa. Nimewahi kuazimwa kitabu kizuri cha jalada gumu na nikakisoma kwa wasiwasi tangu mwanzo hadi mwisho, nikinawa mikono kila mara na kuiondoa karatasi ya kufunikia jalada isije ikachanika. Simlaumu aliyeniazima. Ila nakumbuka wasiwasi ule kuliko ninavyokumbuka hoja za mwandishi.

Historia inaniunga mkono. Mpaka mwanzoni mwa karne ya 19, huko Ulaya kitabu kiliuzwa mara nyingi kikiwa mafungu ya kurasa tu, au kimefunikwa kwa karatasi nyepesi. Mnunuzi ndiye aliyeamua kama kinastahili ngozi na kadibodi, akakipeleka kwa mjalidi kwa gharama zake. Wachapishaji wa Uingereza walipoanza kutumia vitambaa vya kufunikia majalada katika miaka ya 1820, uamuzi ule ukahama kutoka kwa msomaji kwenda kwa mwenye biashara. Ufaransa desturi ya zamani haikufa. Hadi leo riwaya mpya huko kwa kawaida hutoka moja kwa moja katika jalada laini, na hakuna anayeiona kuwa duni kwa ajili hiyo. Kwa hiyo ule utaratibu wa Uingereza na Marekani, wa kutoa jalada gumu kwanza kisha laini baada ya takribani mwaka mmoja, ni mpango wa mauzo. Anayelipia toleo la kwanza hulipia zaidi kuwahi kuliko kudumu.

Vitabu vyepesi navyo havikuanza jana. Huko Venice, mwaka 1501, mchapishaji Aldus Manutius alianza kuchapa washairi wa Kilatini katika vitabu vidogo vya kubebeka mkononi, wakati wasomi walizoea mabuku ya kuwekwa juu ya meza. Mjini Leipzig, Ujerumani, mchapishaji Tauchnitz alianza mwaka 1841 mfululizo wa vitabu vya Kiingereza vyenye jalada la karatasi, na mchapishaji mwingine, Reclam, akafuata mwaka 1867 katika mji huohuo na mfululizo wake wa bei ndogo ambao bado unachapishwa. Mwaka 1935 mchapishaji Allen Lane akatoa London vitabu kumi vya kwanza vya jalada laini vya Penguin, kila kimoja kwa peni 6, na vikauzwa hata katika maduka yasiyokuwa ya vitabu.

Mfano ninaoupenda kuliko yote ni wa wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia. Kati ya mwaka 1943 na 1947 wachapishaji wa Marekani walitoa nakala zipatazo milioni 122 za vitabu vya kugawiwa askari bure. Nyingi zilikuwa pana kuliko urefu wake, maandishi yamepangwa safu mbili, na ukubwa ulipimwa ili ziingie kwenye mfuko wa sare. Hazikutengenezwa zidumu. Zilitengenezwa zisomwe, zipokezanwe, zichakae. Sidhani kuna mradi mwingine wa uchapishaji ulioelewa vizuri namna ile kitabu ni cha nani.

Sasa nirudi kwenye mgongo, maana hapo ndipo wanunuzi wengi wanapopoteza fedha. Kitabu hushikwa pamoja kwa njia kuu mbili. Ya kwanza ni kushona. Karatasi kubwa iliyochapwa hukunjwa mara kadhaa ikawa fungu lenye kurasa 16 au 32, uzi ukapita katikati ya kila kunjo, mafungu yakaunganishwa moja hadi jingine, kisha mgongo ukapakwa gundi na kuvalishwa jalada. Ya pili ni gundi peke yake: mafungu hupangwa, upande wa mgongo ukanyolewa mikunjo yote ikaisha, kila karatasi ikabaki peke yake, halafu gundi ya moto ikamwagwa hapo na jalada likabandikwa. Katika njia hii ya pili hakuna kinachoishika karatasi zaidi ya ukingo wake mwembamba uliozama kwenye gundi. Gundi ikizeeka hukauka, hupasuka, na kurasa huanza kutoka moja baada ya nyingine.

Watu hudhani ya kwanza ndiyo jalada gumu na ya pili ndiyo jalada laini. Sivyo. Majalada magumu mengi ya siku hizi yana kurasa zilizogundishwa tu, zikavalishwa kadibodi na karatasi ya kung'aa. Nje ngome, ndani ni kilekile kitabu cha bei ya chini. Na yapo majalada laini yaliyoshonwa kwa uzi ambayo yatayazidi umri hayo yenye kadibodi. Ningeambiwa nichague aina moja tu ya kitabu kwa maisha yangu yote, ningechukua hicho: laini kwa nje, kimeshonwa kwa ndani. Hufunguka kikalala mezani bila kushikiliwa, na mgongo wake haukatiki hata ukikisoma mara nyingi.

Kukagua ni rahisi. Kitazame kitabu kwa juu, pale kurasa zinapokutana na mgongo. Ukiona vijipinde vidogo vilivyopangana, kuna mafungu yaliyokunjwa. Usiishie hapo, kwa kuwa viwanda vingine hutoboa mafungu mgongoni na kupitisha gundi bila uzi. Fungua katikati ya fungu moja na utafute uzi. Ukiuona, umepata. Ukiona mstari ulionyooka usio na pinde hata moja, ni gundi tupu. Na kile kitambaa chembamba cha rangi kilicho juu na chini ya mgongo kisikuhadae: zamani kilishonwa na kilikuwa na kazi, sasa kwa kawaida ni utepe uliobandikwa kwa urembo.

Jambo jingine ambalo wauzaji hawalitaji ni mwelekeo wa nyuzi za karatasi, yaani vijinyuzi vilivyomo ndani ya karatasi yenyewe, si uzi wa kushonea. Karatasi ya kiwandani hupindika kwa urahisi upande mmoja kuliko mwingine. Nyuzi zikienda sambamba na mgongo, kurasa huanguka zenyewe unapofungua. Zikikatiza mgongo, kurasa husimama kama zinakugomea, na ukilazimisha, mgongo ndio unaoumia. Shika kurasa kadhaa, zipinde kidogo kwa urefu kisha kwa upana, utahisi tofauti. Kitabu chenye nyuzi zilizokaa vibaya sikinunui kikiwa na jalada lolote lile.

Ukurasa kuwa wa njano nao hauhusiani na jalada. Karatasi ya bei ya chini hutengenezwa kwa mbao zilizosagwa bila kuondolewa lignini, kile kitu kinachoshikamanisha nyuzi za mti, na lignini ikikutana na mwanga na hewa hubadilika rangi. Asidi iliyobaki kwenye karatasi huikausha mpaka inamong'onyoka. Kadibodi haiwezi kuzuia lolote katika hayo. Ukitaka kitabu cha kurithisha, soma ukurasa wa haki miliki uone kama karatasi imetajwa kuwa haina asidi, au inafuata kipimo cha kimataifa cha ISO 9706 cha karatasi ya kudumu.

Jalada laini lina kasoro zake, na kubwa ni ukubwa wa maandishi. Matoleo madogo kabisa ya mfukoni hubana herufi na kuleta mistari karibu na mgongo, ukalazimika kukikamua kitabu ili usome mwisho wa sentensi. Hayo nayakwepa. Yapo matoleo laini makubwa kidogo ambayo mara nyingi huchapwa kwa mpangilio uleule wa kurasa za toleo gumu, na macho hayaoni tofauti. Kasoro ya pili ni jalada kujikunja nje wakati wa unyevu, kwa sababu upande wa nje umepakwa plastiki na wa ndani unanyonya maji na kutanuka. Haliharibu usomaji. Likikukera, kilaze kitabu chini ya vitabu vingine kwa siku kadhaa.

Basi jalada gumu ni la nini? Kwa kamusi silibishanii. Kitabu kinachofunguliwa kila siku kwa miaka, na watu wengi, kinahitaji kadibodi, tena na kushonwa. Vivyo hivyo atlasi, vitabu vya picha, vya watoto wadogo ambao bado wanapima kila kitu kwa meno, na vya maktaba ambavyo hupita mikono isiyohesabika. Kadibodi hutokeza kidogo kuzidi kurasa, hivyo kinachosugua rafu ni jalada na si karatasi, na pembe zikipigwa huumia zenyewe badala ya ukurasa. Hata hivyo buku nene likisimamishwa rafuni miaka mingi, kurasa zake huning'inia na kulivuta jalada mpaka bawaba zilegee. Ndiyo maana mabuku makubwa sana yanafaa kulazwa.

Kisha kuna vile vichache vya moyoni. Kitabu ulichokirudia, ambacho umeshajua kwamba utakirudia tena, ambacho ungependa mwanao akikute. Hicho kinunulie jalada gumu lililoshonwa, au kipeleke nakala yako ya laini, pamoja na mistari uliyoipigia, kwa mjalidi aivalishe kadibodi. Mimi napendelea hili la pili. Nakala mpya haina maswali yangu pembeni, na mjalidi mwenye mkono mzuri anaweza hata kuzitoboa kurasa zilizogundishwa na kuzishona upande, mradi ukingo wa ndani uwe na nafasi ya kutosha.

Kwa wachapishaji nina ombi moja, na nalitoa kwa uzito wote. Kwenye ukurasa wa haki miliki mnaandika jina la mpiga chapa, mwaka, haki zote na onyo juu ya kunakili. Ongezeni mstari mmoja: kimeshonwa, au kimegundishwa. Mnunuzi wa viatu huvigeuza akaona soli. Mnunuzi wa kitabu kilichofungwa ndani ya plastiki, au kinachoagizwa kwa simu, hana namna ya kuufungua mgongo kabla ya kulipa, na bado jalada gumu linamtoza kana kwamba ndani kuna uzi.