Goti lililochanika lisirudishwe uwanjani, hata mchezaji akitaka

Novemba 2007, Chuo Kikuu cha Oregon kilikuwa nafasi ya pili katika orodha ya timu bora za vyuo vya Marekani, na aliyeibeba timu hiyo ni Dennis Dixon, mpanga mashambulizi katika mpira ule wa Kimarekani wa kukimbia na kurusha kwa mikono. Tarehe 3 aliumia goti la kushoto wakicheza na Arizona State. Kano ilikuwa imechanika, lakini umma haukuambiwa. Tarehe 15 akapangwa tena dhidi ya Arizona. Akafunga mapema, na kabla robo ya kwanza haijaisha goti likalegea akaanguka, hakuna aliyemgusa. Oregon wakafungwa 34-24, wakapoteza na mechi mbili zilizofuata. Dixon aliyekuwa akitajwa kuwa mchezaji bora wa mwaka akachukuliwa na timu ya kulipwa ya Pittsburgh Steelers katika raundi ya tano tu ya kuchagua wachezaji wapya.

Kila habari kama hii inapojadiliwa, hakosekani wa kusema: alitaka mwenyewe. Naamini kweli alitaka. Kijana wa miaka 22, nchi nzima inamtazama, asingetaka vipi? Ndiyo maana nasema bila kumung'unya maneno: mwanafunzi aliyechanika kano kuu ya goti asirudi uwanjani kabla goti halijatibiwa na kupona, na kusema kwake "naweza" kusitoshe.

Kano ninayoizungumzia ni ile ya mbele, ambayo wapenzi wa soka wanaijua kwa jina la ACL. Kazi yake ni kuzuia mfupa wa muundi usiteleze mbele wala kujipinda chini ya paja. Ikichanika, maumivu makali hutulia baada ya siku chache, uvimbe hupungua, na mtu anaweza hata kukimbia njia iliyonyooka. Hapo ndipo wengi hudanganyika. Kasheshe ni kukata kona ghafla, au kutua baada ya kuruka: goti linacheza, mifupa inasagana, gegedu, ule utando laini unaofunika ncha za mifupa, inakwanguka na meniskasi, ule mto mdogo ulio katikati ya mifupa, unachanika. Kano yenyewe inaweza kutengenezwa upya kwa kipande cha kano nyingine ya mwilini. Meniskasi ni habari nyingine: sehemu yake ya ndani haipati damu ya kutosha, kwa hiyo mara nyingi daktari hukata kipande kilichoharibika na kukitoa. Gegedu ikishaliwa haioti tena ilivyokuwa. Sindano ya kuua maumivu haizuii lolote kati ya hayo. Inamnyima mchezaji taarifa ambayo mwili wake ulikuwa unampa.

Watafiti waliowafuatilia watu waliowahi kuchanika ACL au meniskasi wamekuta takribani nusu yao wana goti lililosagika miaka 10 hadi 20 baadaye. Maana yake mtu wa miaka 35 anapanda ngazi kwa kushika ukuta. Na hiyo ni hatari ambayo jeraha la kwanza pekee limeshamletea. Kucheza juu ya jeraha hilo ni kulitonesha kwa makusudi.

Sisemi kila goti linalouma lifunge msimu. Kano ya pembeni ikivutika kidogo, mchezaji hufungwa kifaa cha kulishikilia goti na baada ya wiki chache anarudi. Wapo pia waliocheza na ACL iliyochanika: Philip Rivers alifanya hivyo Januari 2008, timu yake ya San Diego ikiwania kuingia fainali ya NFL, ligi ya kulipwa ya mpira huo wa Kimarekani. Lakini Rivers alikuwa mtu mzima mwenye mkataba mnono na chama cha wachezaji nyuma yake. Mwanafunzi ana ufadhili wa masomo. Kwa miongo kadhaa kuanzia 1973 ufadhili huo ulitolewa kwa mwaka mmoja mmoja, na kocha akishakuchoka haukuongezwa. Mwaka 2015 ligi kubwa za vyuo zilikubaliana kutomnyang'anya mwanafunzi ufadhili kwa sababu ya kiwango chake uwanjani, hatua nzuri sana. Bado kocha ndiye anayepanga nani aanze na nani akae benchi. Na tangu 2025, vyuo viliporuhusiwa kuwalipa wachezaji moja kwa moja, sababu ya kuficha maumivu imeongezeka. Nafurahi wanalipwa, walidhulumiwa muda mrefu, ila mwenye kulipwa huogopa zaidi kusema "siwezi".

Kwa vijana wetu hofu hiyo ni kubwa mara dufu. Njia ya kusoma Marekani kwa ufadhili wa michezo, waliyopita wanariadha Suleiman Nyambui kwenda chuo cha El Paso na Henry Rono kwenda Washington State, na mcheza kikapu Hasheem Thabeet kwenda Connecticut, bado inapitwa. Anayeipita anajua ada yote inategemea miguu yake, na kwa viza ya mwanafunzi kazi anayoruhusiwa muhula ukiendelea ni saa 20 kwa wiki, tena ndani ya chuo. Akipiga simu nyumbani kusema goti linamuuma, tunamwambia avumilie. Wazazi wenzangu, tusimwambie hivyo. Tumuulize picha ya MRI, ile inayoonyesha ndani ya goti, inasema nini.

JuJu Watkins, nyota wa kikapu wa Chuo Kikuu cha Southern California, alichanika ACL Machi 2025 na akatangaza kukaa nje msimu mzima wa 2025-26. Yeye ana jina na pesa za kumwezesha kusubiri. Nataka na yule wa benchi la mwisho apate nafasi hiyo hiyo. Kanuni za NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo vya Marekani, zinampa daktari wa timu neno la mwisho ambalo kocha hawezi kulipinga, ila daktari huyo mara nyingi analipwa na chuo hicho hicho. Jeraha la kano kuu litazamwe na daktari wa nje, kocha asiwepo chumbani.

Na kabla ya kusaini, familia iulize nani atalipia goti baadaye. Tangu Agosti 2024 vyuo vya daraja la kwanza vinatakiwa kugharimia majeraha ya michezo kwa angalau miaka miwili baada ya mchezaji kuondoka. Goti husagika miaka 10 mpaka 20 mbele, wakati ambapo hakuna chuo kitakachopokea bili hiyo.