Ubingwa wa mashua ndogo za tanga: ada siyo gharama yenyewe

Msimu ukikaribia, mvutano huwa ni uleule. Chama cha aina fulani ya mashua kinatoa taarifa ya mashindano ya ubingwa, ada ya kuingia imepanda tena, na wanachama wanagawanyika. Upande mmoja unasema mchezo umeshakuwa wa wenye nazo. Waandaaji nao wanajibu kwamba wakishalipa kila kitu hawabaki na chochote. Nimeyafuata mabishano haya kwa miaka mingi kwa sababu naupenda mchezo huu na sitaki kuona mistari ya kuanzia ikizidi kuwa mitupu. Kwa maoni yangu pande zote mbili zinagombania kilicho kidogo, na kilicho kikubwa kinapita pembeni.

Ada hulipia vitu vinavyoonekana: mashua ya kamati ya mbio, mashua za kuweka maboya, mashua za uokoaji na mafuta yake, ukaguzi wa vifaa, waamuzi. Panapokuwa na jopo la kimataifa la waamuzi, ambalo uamuzi wake haukatiwi rufaa, watu hao inabidi wasafirishwe, walazwe na walishwe. Wengi wa wengine wanaoshinda majini kutwa nzima wakipigwa na jua na mawimbi hujitolea bure. Sehemu kubwa ya gharama hizi haipungui washiriki wanapopungua. Boya la joshi, lile la upande unakotoka upepo, ni lilelile, zije mashua 40 au 100, na kamati ni ileile. Hapo ndipo penye mtego. Wakija wachache mwaka huu, mwakani kila mmoja atabeba mzigo mkubwa zaidi. Ada ikipanda, waliokuwa wakisitasita wanabaki nyumbani, na mwaka unaofuata inapanda tena. Kwa hiyo anayegoma ili ada ishuke huishia kuisukuma juu, hata kama hoja yake ina haki ndani yake.

Lakini hebu mshiriki achukue kalamu aandike alichotumia safari nzima, tangu kufunga tela mpaka kurudi. Ada itaonekana ni mstari mmoja tu kati ya mingi, na mara nyingi siyo mrefu kuliko yote. Kuna mafuta ya gari, au nauli na kukodi mashua kama mashindano ni ng'ambo. Kuna malazi ya siku tano au sita. Kuna bima ya kulipia hasara ya mwingine, ambayo taarifa nyingi za mashindano zinaidai kabla hujasajiliwa. Kuna tanga jipya, kwa sababu kitambaa cha poliesta huvutika kikapoteza umbo, na walio mbele hawaingii kwenye ubingwa na tanga lililochoka. Juu ya yote kuna siku za likizo. Mtu aliyeajiriwa akitumia wiki nzima ya likizo yake kwenye maji, familia yake imelipa pia, hata kama hakuna stakabadhi iliyoandikwa.

Na siku hizo hazina dhamana. Bendera ya kuahirisha ikipandishwa nchi kavu asubuhi kwa kukosa upepo, yenye milia ya nyekundu na nyeupe, mabaharia hukaa wamevaa nguo za majini kando ya mashua zao wakitazama angani. Inaweza kushuka saa sita, inaweza isishuke kabisa. Ratiba ya mbio 10 ikatoa 5, na hakuna wa kudaiwa.

Wapo wanaoamini kwamba dawa ni mashua za bei nafuu. Laiti ingekuwa hivyo. Optimist ilichorwa na Clark Mills mwaka 1947 huko Clearwater, Florida, kwa nia hiyohiyo: kisanduku cha plaiwudi chenye tanga moja, chenye urefu wa mita 2.3 hivi, ambacho mtoto na mzazi wake wangeweza kukiunda wenyewe. Watoto wanashindana nayo mpaka umri wa miaka 15, na mabingwa wengi wa Olimpiki walianzia humo. Mashua yenyewe imebaki ndogo na nyepesi. Kilichokua ni vinavyoizunguka: kocha mwenye boti yake ya injini, kambi za mazoezi za wiki kadhaa kabla ya mashindano, safari za kutoka nchi moja hadi nyingine kumtafutia mtoto nafasi kwenye timu ya taifa, ambayo kwenye ubingwa wa dunia haizidi watoto watano. Bei ya mashua haikuzuia hata kimoja kati ya hivyo.

ILCA, ambayo kwa miongo mingi iliitwa Laser, inafundisha jambo lilelile kwa njia nyingine. Bruce Kirby wa Kanada aliichora, ikaingia sokoni mwaka 1971, na sheria zake ni kali: umbo moja, matanga ya watengenezaji walioidhinishwa tu, nafasi finyu mno ya kubadilisha lolote. Kiunzi kilekile hubeba matanga ya ukubwa tatu, kwa hiyo kijana anayekua anabadilisha tanga na sehemu ya mlingoti bila kununua mashua nyingine. Ukilinganisha na Moth, aina nyingine ya mashua ndogo, ambapo sheria zimeachwa wazi ili watu wabuni na fedha inaingia kwenye mabawa yanayoinyanyua mashua juu ya maji, huu ni uadilifu mkubwa. Ila pesa iliyozuiwa mlangoni hupita dirishani. Kama siwezi kununua mashua yenye kasi kuliko yako, nitanunua saa za mazoezi na kocha.

Mpaka hapa wanaolalamika wanaonekana kushinda, na kama ubingwa ungekuwa ni vikombe tu, ningewaunga mkono. Vikombe ni vichache, na kwa kawaida wanaovichukua wanajulikana kabla ya honi ya kwanza. Thamani iko kwingine, na mahali ilipojaa zaidi ni kwenye dakika tano za kuanza.

Mashua 60 za ILCA, kila moja ikiwa na mita 4.2, ukizipanga kichwa kwa mkia zinafika mita 250. Mstari wa kuanzia wa kundi kama hilo hautakuwa mbali na kipimo hicho: mwisho mmoja mashua ya kamati, mwisho mwingine boya, katikati maji matupu. Bendera ya tahadhari inapanda dakika tano kabla, ya maandalizi dakika nne kabla, hiyo ya pili inashuka ikibaki dakika moja. Aliye karibu na boya anajua alipo. Aliye katikati hajui, kwa sababu mstari hauonekani na pande zote kuna matanga. Basi hofu ya kuvuka mapema inamrudisha nyuma, na aliye kando yake anamfuata, mpaka kundi zima la katikati linabonyea nyuma ya mstari halisi kwa urefu wa mashua moja, mbili, hata zaidi. Mjuzi amekwisha kupita mwisho wa mstari mapema, akatazama kupitia ncha zote mbili, akaona kwamba mstari ukiendelezwa unaangukia kwenye mnara fulani ufukweni. Sekunde za mwisho anautazama mnara wake, anaona nafasi iliyo wazi mbele, anavuta kamba ya tanga na kutoka peke yake wakati wenzake bado wanaogopa. Dakika moja baadaye yeye ana upepo safi, na nyuma yake kuna mashua kumi zinazopumua upepo uliochafuliwa na matanga ya wengine.

Somo hili huwezi kulipata klabuni penye mashua nane, hata ufanye mazoezi kila Jumamosi. Mstari wa mashua nane ni mfupi, unaonekana wote, hauna tumbo la katikati. Huko klabuni ukianza vibaya unabisha, yaani unageuza mashua ipokee upepo kwa upande wa pili, unatafuta upepo wako na kurudi kwenye mbio. Kwenye kundi la 60 ukibisha unakutana na ukuta wa mashua zenye haki ya njia. Ujuzi wa kulinda nafasi yako, wa kujua lini uvumilie upepo mchafu na lini utoke, unahitaji watu wengi, na watu wengi wanapatikana kwenye ubingwa.

Adhabu nayo ni kali kiasi cha kumfundisha mtu kudumu. Chini ya bendera nyeusi, anayekutwa amevuka ndani ya dakika ya mwisho anaondolewa bila kusikilizwa, na hata kuanza kukirudiwa haruhusiwi kurudi. Anapewa pointi za idadi ya walioingia kwenye mashindano na moja juu. Wakiwa 80, ni pointi 81. Walio juu kabisa nao huangukia hapo. Mwaka 1996, Laser ilipoingia Olimpiki kwa mara ya kwanza, na mashua zikishindana Savannah, Robert Scheidt wa Brazili na Ben Ainslie wa Uingereza, kijana wa miaka 19, walifika mbio ya mwisho wakiwania dhahabu. Wote wawili walivuka mapema wakaondolewa, na hesabu ikampa Scheidt dhahabu. Miaka minne baadaye Ainslie aliichukua dhahabu hiyo. Kuanza vizuri ni ujuzi unaojengwa kwa kukosea mbele ya watu wengi, na gharama ya makosa hayo ni sehemu ya ada yenyewe.

Kwa hiyo nani aende? Hapa ndipo ninapotofautiana na vyama vinavyomsihi kila mwanachama aje. Anayefaidika zaidi ni baharia wa kati, yule ambaye klabuni kwake ameshazoea kuwa mbele na hajui kwa nini haendelei. Atashangaa siku ya kwanza, atajifunza siku ya pili na ya tatu, na jioni akitembea kati ya mashua zilizoegeshwa ataona jinsi mabingwa wanavyokaza kamba na kupanga mlingoti. Wengi wao watamjibu akiuliza, na huo ni ukarimu wa mchezo huu ambao sijauona kwenye michezo mingi. Kwa mtu huyu gharama ni kubwa lakini inarudi.

Anayeanza ni habari nyingine. Asiyeweza bado kuzunguka boya bila kupinduka upepo ukikaza atalipa kiasi kilekile ili awe nyuma siku tano, akiwa mbali mno na wengine kuona wanachofanya. Wapo wanaotoka hapo wamechoka na mchezo. Mgawanyo wa kundi la dhahabu na la fedha baada ya mbio za mchujo husaidia, kwani kila mtu anamaliza akishindana na wa kiwango chake, lakini unahitaji mashua nyingi. Huyu angefaidika zaidi na mashindano mawili au matatu ya wikiendi ya klabu jirani, kwa gharama ndogo mno. Na ubingwa uliokusanya mashua 15 kwa siku tano sioni unamfaa nani. Kundi hilo lingetoshwa na siku mbili.

Waandaaji wanaweza kufanya zaidi ya kupunguza ada kidogo hapa na pale. Wafupishe mashindano kutoka siku tano hadi tatu kwa aina za mashua zisizo za Olimpiki. Kila siku iliyokatwa inaokoa malazi, chakula na likizo kwa kila mshiriki, na hakuna punguzo la ada litakalofikia hapo. Watafute mashua za kukodi kwa wanaotoka mbali. Kwa watoto, waweke mashua za makocha wa pamoja zinazohudumia wote, na waziweke za binafsi mbali na eneo la mbio. Najua makocha wengi hawatafurahia hili la mwisho, na wazazi wenye uwezo hawatafurahia pia. Lakini mtoto asiye na boti ya kocha inayomsubiri na maji ya kunywa na tanga la akiba kati ya mbio na mbio anaona tofauti hiyo wazi kuliko tunavyofikiri, na ndiye ambaye mwakani jina lake halionekani kwenye orodha ya walioingia.