Anayezurura na pikipiki analaumiwa kwa kosa la ratiba

Katika mabishano ya wasafiri wa pikipiki, anayeondoka asubuhi bila njia iliyochorwa huhesabiwa mzembe, na mwenye mstari kwenye GPS huhesabiwa makini. Hoja ya mwenye mstari inaeleweka: ukijua utapita wapi, unajua utajaza mafuta wapi na utalala wapi, na wa nyumbani wanajua pa kuanzia kukutafuta usipofika. Upande wa pili hujitetea vibaya. Husema uhuru, husema upepo, kisha hunyamaza, kana kwamba kuzurura hakuna hesabu. Hesabu ipo, tena ni nzito kuliko ya kufuata mstari, kwa kuwa hufanywa upya mchana kutwa, kichwani, huku mikono ikiwa kwenye usukani.

Tuanze na mafuta. Pikipiki yenye tangi la lita 15 inayokula lita 5 kwa kilomita 100 ina kilomita 300 kwenye karatasi. Mzururaji anayejua anachofanya haondoki na 300. Hutoa sehemu moja ya tano kwa ajili ya kupotea, upepo wa mbele na kituo kitakachokutwa kimefungwa. Zinabaki 240, nazo huzigawa mara mbili, maana barabara asiyoijua inaweza kuishia pasipo na pa kutokea. Akifika kilomita 120 tangu alipojaza, hajaona kituo na hana uhakika wa kilichoko mbele, anageuza. Hategemei mshale wa mafuta, kwa sababu tangi la pikipiki limepinda kufuata fremu na halina upana sawa juu na chini. Mshale unaweza kukaa juu muda mrefu kisha ukaporomoka. Hutegemea kihesabu kilomita alichokirudisha sifuri kwenye pampu. Anajua pia kwamba hesabu hiyo hubadilika na mwendo: upinzani wa hewa hukua kwa mraba wa kasi, hivyo kwa kilomita 120 kwa saa ni karibu mara 1.8 ya ule wa kilomita 90. Na kwenye pikipiki nyingi zisizo na kabureta, pampu ya mafuta imo ndani ya tangi na hupozwa na petroli yenyewe, kwa hiyo mazoea ya kukamua tangi hadi tone la mwisho huifupishia maisha.

Mwenye ratiba naye hufanya hesabu hii, lakini huifanya mara moja, usiku wa kuamkia safari, akiwa amekaa kitini. Kikibadilika kitu barabarani, hesabu yake haibadiliki nacho.

Kinachosahaulika zaidi katika mjadala huu ni saa ya kufika. Chukua siku ya kilomita 400 katika barabara za kona. Programu ya ramani inasema ni mwendo wa saa saba. Makadirio hayo hayamhesabii msafiri vituo viwili vya mafuta, chakula, kuvaa na kuvua nguo za mvua, kunyoosha mgongo, wala ile mara moja ya kukosea njia panda. Ukitoa dakika 15 hadi 20 kwa kila kimoja, saa saba zinakuwa tisa. Kwa ambaye hajalipia kitanda popote, saa mbili hizo hazina mdai. Kwa aliyelipia, lazima zitoke mahali. Kwanza zinatoka kwenye mapumziko. Kisha kwenye kasi. Mwisho zinatoka kwenye giza, na zinaangukia wakati ambao mwili umechoka kuliko wakati wowote wa siku.

Giza hilo lina vipimo vyake. Kwa kilomita 80 kwa saa pikipiki huenda mita 22 kila sekunde. Sekunde moja na nusu ya kuona na kukamata breki ni mita 33. Kusimama kwenye lami kavu, kwa breki nzuri na mkono uliozoea, ni mita 35 nyingine. Jumla ni mita 68. Taa nyingi zikiwa zimeinamishwa hazimuliki vizuri umbali huo. Ndani ya kona mambo huwa mabaya zaidi, kwani pikipiki ikilala na taa inalala nayo, na upande wa ndani wa kona, ambako ndiko unakoelekea, hubaki gizani. Lami ikilowa, ile 35 inakaribia 50. Dawa ni kushuka hadi kilomita 60, ambapo jumla kwenye lami kavu ni takriban mita 45. Lakini ukishuka hadi 60 unachelewa zaidi, na mapokezi ya mahali ulipolipia yanafungwa. Wengi hapo hawashuki. Lawama ya ajali ya namna hiyo itawekwa kwenye mwendo kasi, na ratiba iliyouzaa mwendo haitatajwa.

Mzururaji mwenye nidhamu ana kanuni moja tu ya jioni: saa mbili kabla ya jua kutua huacha kusafiri na huanza kutafuta mahali pa kulala, popote alipo. Mchana akiona wingu jeusi upande wa kushoto, anakwenda kulia. Akisikia nyuma inayumba kwenye kona, anasimama kupima upepo wa tairi bila kuona kuwa kuna dakika zinazomkimbia. Jioni, mnyororo ukiwa bado na joto, anaupaka mafuta yapenye kwenye rola, akijua una usiku mzima wa kuyashika. Aliyefika usiku amechoka huliahirisha hilo hadi asubuhi, na asubuhi ana pa kuwahi.

Hata mstari wenyewe si wa kutegemewa kama inavyodhaniwa. Faili la GPX, yaani lile linalohifadhi njia kwa ajili ya GPS, linaweza kubeba vituo vichache ambavyo kifaa hutafuta chenyewe namna ya kuviunganisha, au mfululizo mnene wa nukta usiobadilika. Aina ya kwanza, ikifunguliwa kwenye kifaa chenye ramani tofauti, huweza kukurudisha kwenye barabara kuu uliyotumia jioni nzima kuikwepa. Kituo kilichowekwa mita chache nje ya barabara hukuambia ugeuze tena na tena. Na kila sekunde mbili za kutazama skrini kwa kilomita 80 ni mita 44 bila macho. (Wanaofunga simu moja kwa moja kwenye usukani wajue kwamba mwaka 2021 Apple ilionya kuwa mtikisiko wa injini kubwa za pikipiki unaweza kuharibu kamera za iPhone, kishikio chenye mpira wa kupunguza mtikisiko husaidia.)

Upande wa kupanga una mahali ambapo haubishiwi. Pale kituo hadi kituo panapozidi uwezo wa tangi, lazima ujue kabla na ubebe galoni. Vivuko na mipaka vina saa zake. Anayetaka cheti cha SaddleSore 1000 cha Iron Butt Association, chama cha waendesha pikipiki wa masafa marefu, yaani maili 1,000 ndani ya saa 24, hawezi kubahatisha hata kituo kimoja cha mafuta. Mwanafunzi wa pikipiki naye apangiwe, kwa kuwa akili yake yote bado iko kwenye klachi na breki.

Kuna hoja nyingine, na hii ndiyo inayowauma wazururaji kweli: vibao vya barabarani huelekeza kwenye miji mikubwa kupitia barabara kubwa. Asiyetazama ramani kabisa hujikuta siku nzima nyuma ya malori, wakati barabara nzuri ya kona ilipita kilomita 5 pembeni yake. Hoja hii ni ya kweli, lakini inachodai ni kusoma ramani, na kusoma ramani hakulazimishi ratiba. Inatosha jioni kutia alama vipande vitatu au vinne vya barabara zinazovutia katika eneo, kupakua ramani zinazofanya kazi bila intaneti, na kumtumia mtu wa nyumbani mahali ulipo kila usiku. Vipande vipi vitaendeshwa, na kwa mpangilio gani, iamue hali ya hewa na mwili.

Hudaiwa pia kwamba kundi haliwezi kuzurura. Linaweza, kwa utaratibu wa zamani wa kuacha mtu njia panda. Kiongozi akikata kona, anayemfuata anasimama pale mahali salama panapoonekana na kuonyesha uelekeo hadi wa mwisho katika msafara afike, kisha anaingia mbele ya huyo wa mwisho. Kwenye njia panda inayofuata anasimama aliye nyuma ya kiongozi kwa wakati huo. Masharti ni kwamba wa kwanza na wa mwisho hawabadilishwi, na aliyesimama haondoki hata akihisi amesahauliwa. Kumi wanaweza kwenda hivyo siku nzima bila yeyote, hata kiongozi, kujua asubuhi watalala wapi. Namba ambayo kiongozi anapaswa kuijua kabla ya kuwasha ni kilomita za tangi dogo kuliko yote kundini.