Mia Moja Isiyo Idadi ya Watu

Kinachonikera hapa Tanga, kila inapotoka orodha ya mambo yaliyotafutwa zaidi mtandaoni kwa wiki, ni kuisikia ikisomwa redioni, kisha ikirudiwa kwenye vijiwe vya kahawa vya Ngamiani, kana kwamba ni sensa ya mawazo yetu. Google Trends, huduma ya Google inayoonyesha yanayotafutwa mtandaoni, iliyoanza mwaka 2006, haitoi idadi ya watafutaji; hutumia kipimo cha 0 hadi 100, na 100 ni kilele tu cha kipindi kilichochaguliwa. Tena orodha za yanayovuma hupendelea kilichopanda ghafla, ndiyo maana mechi ya Simba na Yanga hutangulia, ilhali bei ya unga, inayoulizwa kila siku, huweza kukosekana kabisa. Mtangazaji anayeigeuza 100 hiyo kuwa watu mia moja anawapotosha wasikilizaji wanaomwamini.