DJ wa singeli aache kukimbiza BPM, ashughulikie faili lake

Tangu lebo ya Nyege Nyege Tapes ya Kampala itoe mkusanyiko wa Sounds of Sisso mwaka 2017, prodyuza wa singeli, muziki wa mbio wa uswahilini, ana njia ambayo kaka zake wa mchiriku, muziki uliotangulia singeli, hawakuwa nayo. Sisso na studio yake (Mburahati, Dar es Salaam), Bamba Pana, Jay Mitta, Duke, kisha DJ Travella: hawa wamepeleka mdundo wa vigodoro hadi kwenye kumbi za Ulaya. Njia ipo na watu wameshaipita. Kinachonisikitisha ni jinsi vijana wengi wa sasa wanavyoisoma. Wanaamini siri yote ni kasi. Mmoja akitoa biti ya BPM 220 (mapigo 220 kwa dakika), mwenzake anapandisha 250, wa tatu anataka 300, na hakuna anayeuliza kama biti yenyewe itasikika kwenye spika asizozijua.

Tupige hesabu. Kwa BPM 240, pigo moja linachukua milisekunde 250, na robo ya pigo ni milisekunde 62.5. Sasa chukua besi ya Hz 50, yaani mawimbi 50 kwa sekunde. Wimbi lake moja linahitaji milisekunde 20. Ukiimwaga besi hiyo kwenye kila robo ya pigo, kila noti inapata mawimbi matatu tu, na sikio halipati muda wa kuitambua ni noti gani. Linasikia mtikisiko mtupu. Ndiyo sababu biti iliyokuwa safi kwenye simu inageuka uji ikifika kwenye spika za inchi 18: simu haitoi Hz 50 hata kidogo, kwa hiyo kosa lilikuwepo tangu mwanzo, halikusikika tu.

Dawa yake si kupunguza kasi. Acha vya juu vikimbie, besi itembee. Noti moja kwa kila pigo, au kwa kila mapigo mawili, inatosha kabisa. Kama unataka besi yenye mbio, ipandishe hadi Hz 90 au 110, hapo noti fupi inapata mawimbi ya kutosha. Ngoma ya chini, ile ambayo studio wanaiita kiki, ikatwe mkia ubaki milisekunde 100 hivi, maana mkia wa milisekunde 300 unaingia ndani ya pigo linalofuata na viwili hivyo vinaanza kufutana. Kinanda cha taarabu kiondolewe kila kitu chini ya Hz 200. Mwangwi wa snea, ile ngoma yenye mlio mkali, ukizidi sekunde 0.3 unaingia ndani ya pigo linalofuata; wengi wangeutoa kabisa na wasingepoteza chochote.

Sampo, yaani kipande ulichokata kwenye wimbo mwingine, nayo ina kanuni zake. Kipande cha taarabu cha BPM 110 ukikipeleka 220 kwa kukiongezea kasi tu, sauti inapanda oktava nzima, semitoni 12. Huo ndio ule ukali unaoufanya mwili wa msikilizaji wa singeli ushtuke, na ni mzuri. Ukichagua programu ibane muda bila kugusa sauti, ngoma zilizo ndani ya kipande zinalegea, ncha zake zinapotea. Afadhali ukate vipande vifupi vya pigo moja moja, uvipange kwa mkono kwenye FL Studio, programu ya kutengenezea biti. Inachukua muda mrefu zaidi, lakini ncha zinabaki.

Halafu kuna limita, kile kidhibiti kinachozuia sauti isipite kiwango. Wengi wanaiacha na muda wa kuachia wa milisekunde 100 au zaidi, mpangilio unaofaa muziki wa polepole. Kwenye singeli kuna kitu kinagonga kila baada ya milisekunde 60 hadi 125, kwa hiyo limita hiyo haiachii kamwe, biti nzima inalala chini imekandamizwa na ngoma hazirukii mtu. Weka kati ya 30 na 50. Ukishuka chini ya 20, ambayo ni urefu wa wimbi moja la Hz 50, limita inaanza kuichana besi yenyewe. Na usisukume sauti kupita kiasi kwa kuwaogopa wenzako: Spotify kwa kawaida huushusha wimbo wenye kelele hadi karibu -14 LUFS (kipimo cha ukubwa wa sauti), hivyo unachobaki nacho ni uharibifu bila ule ukubwa uliouwania.

Kabla ya kusema biti imekwisha, isikilize kwa mono. Spika nyingi za mtaani, na hata za klabu, zinaunganisha kushoto na kulia. Kinanda kilichopanuliwa kwa kugeuza mawimbi ya upande mmoja juu chini kitatoweka chote, na MC ataimba juu ya ngoma peke yake.

Sasa faili. Hapa ndipo ninapoona vipaji vikubwa vikikwama kwa jambo dogo mno. FL Studio inakuruhusu kutoa WAV ya 32-bit, na faili hilo likiingizwa kwenye CDJ, mashine ya DJ ya kuchezea nyimbo klabuni, halichezi. Toa WAV ya 16-bit au 24-bit, kHz 44.1. Flashi iwe ya mfumo wa FAT32, si NTFS, na ziwe mbili zenye vitu vilevile. Pitisha nyimbo kwenye rekordbox, programu ya kuziandalia CDJ, ukiwa nyumbani, uhakiki gridi (mistari ya mapigo) kwa macho, kwa sababu singeli ya 240 mara nyingi itasomwa kuwa 120. Hilo lisikuogopeshe, ni zawadi. DJ anayecheza hausi ya 120 hadi 126 anaweza kuingiza singeli ya 240 hadi 252 bila kugusa kasi, mapigo mawili yako yakikaa ndani ya moja lake. Biti ya 290 haina mlango huo. Itasomwa 145, na kuipandisha hausi ya 124 hadi hapo ni asilimia 17, wakati vipimo vya kawaida vya CDJ vinaishia 16. DJ atalazimika kufungua kipimo kipana zaidi, au kuishusha biti yako kwa zaidi ya asilimia 14 ipoteze mbio zake, na wengi hawatahangaika. Kwa hiyo anayetaka nyimbo zake zichezwe na DJ wengine atengeneze baadhi kati ya 240 na 256. Kwa maoni yangu hili peke yake lingewafungulia wengi zaidi kuliko kuongeza BPM nyingine 40.

Lipo la karatasi, na hapa sitaki kulainisha maneno. Wimbo una haki mbili: ya utunzi na ya rekodi. Sheria ya Tanzania ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inazilinda zote, lakini sheria haiwezi kukumbuka kwa niaba yako nani alitengeneza nini. Siku ileile ya kurekodi, kabla MC hajaondoka na faili, andikeni: jina la wimbo, tarehe, majina kamili kama yalivyo kwenye vitambulisho, asilimia za utunzi zinazofika 100, na asilimia za rekodi zinazofika 100, kila moja kivyake. Wote wasaini, wote wapige picha. Prodyuza aliyepokea pesa ya studio akaacha biti iondoke bila karatasi atajikuta, wimbo ukishika, akidai haki kwa watu wasiokumbuka hata alikuwepo. Mbaya zaidi, biti moja ikipewa MC watatu na mmoja akaisajili YouTube kama yake, wale wawili na prodyuza mwenyewe ndio wanaoweza kuzuiwa.

ISRC, ile namba ya herufi na tarakimu 12 inayotambulisha rekodi, ibaki ileile hata ukibadilisha msambazaji. Ukipewa mpya, hesabu za usikilizaji zinaweza kuanza upya. Na stemu zote, yaani kila sauti ya wimbo kwenye faili lake, zihifadhiwe sehemu mbili tofauti. Umeme ukikatika diski ikafa, hakuna rimiksi, hakuna tangazo la biashara, hakuna toleo la filamu.

Mwaliko wa nje ukija, maombi ya viza ya Schengen hupokelewa kuanzia miezi 6 kabla ya safari, na yasichelewe kupita siku 15 kabla. Omba mapema, kwa kuwa uamuzi unaweza kuvutwa hadi siku 45. Uliza ada uliyotajiwa ni kabla au baada ya kodi. Ujerumani, kwa mfano, humkata msanii mgeni asilimia 15 pamoja na nyongeza ya mshikamano, jumla 15.825, pale malipo ya onyesho moja yanapozidi yuro 250. Ada ya yuro 1,000 inakufikia 841.75. Mwandalizi akikubali kuibeba kodi hiyo, neno hilo liwe ndani ya mkataba pamoja na nani analipa tiketi, chumba, viza na usafiri wa uwanja wa ndege, na liandikwe kabla flashi haijaingia mfukoni.