Imefaulu, Lakini

Pikipiki yangu ina injini ndogo ya cc 125, haijawahi kumgusa mtu, haidaiwi kodi wala bima, na kazi yake kubwa ni kunipeleka ghalani jioni na kunirudisha alfajiri, saa ambayo mbweha wa hapa Leicester ndio kwanza wanamaliza kupekua mapipa ya taka. Hata hivyo, kila mwaka ufikapo mwezi wa Machi, hulazimika kusimama mbele ya mtu mwenye ovaroli na tochi ili aamue kama inastahili kuendelea kuonekana barabarani. Mtihani huo huitwa MOT, na hapa Uingereza pikipiki ikishatimiza miaka 3 tangu isajiliwe haina njia ya kuukwepa. Mimi ninayeikalia, mwenye goti linalolia kila ninapolikunja na mgongo uliochakaa kwa kubeba maboksi, hakuna aliyewahi kunimulika tochi.

Usidhani unaweza kujifanya umesahau. Kwanza, bila cheti hicho huwezi kulipia kodi ya barabara. Pili, barabarani kuna kamera zinazosoma namba za vyombo na kujua papo hapo nani ana cheti na nani hana. Tatu, faini yake inaweza kufika pauni 1,000, fedha ambayo, kwa uaminifu kabisa, inazidi thamani ya pikipiki yenyewe. Mambo haya yalianza mwaka 1960, waziri wa uchukuzi akiwa Ernest Marples, na wakati huo vilikaguliwa vyombo vilivyotimiza miaka 10 tu, tena breki, taa na usukani basi. Lakini matokeo ya mwanzo yaliwatisha wakubwa, wakashusha umri hadi miaka 7, kisha mwaka 1967 wakashusha hadi 3. Kwa mwendo huo ninashangaa kwamba bado wanaturuhusu kuzitoa dukani bila kuzikagua.

Taabu ya kwanza ni kupata mahali pa kuikagua. Gereji zenye kibao cha buluu chenye pembetatu tatu nyeupe, ambacho ndicho alama ya MOT, zimejaa kila kona ya jiji hili, na ukiingia yoyote utakuta jamaa anayeitazama kofia uliyoishika mkononi kwa huruma nyingi, kisha anakuambia kwamba wao wanakagua magari tu. Kibali cha kukagua pikipiki ni cha daraja lake, na wengi hawana haja nacho. Ndiyo maana mtu hujikuta anapanda pikipiki kuvuka nusu ya jiji, kwenye mvua, ili akaulizwe kama pikipiki yake inaweza kuvuka jiji.

Sina ugomvi na bei, kwa kuwa serikali imeweka kikomo cha pauni 29.65 kwa pikipiki isiyo na kigari cha pembeni, ilhali mwenye gari anaweza kutozwa hadi pauni 54.85. Ugomvi wangu ni matayarisho. Majira ya baridi halmashauri humwaga chumvi barabarani ili barafu isigande, na chumvi hiyo huingia kwenye mnyororo, kwenye skrubu, kwenye ekzosi, na kila mahali ambapo kitambaa hakifiki. Sisi tuliozaliwa Tanga tulidhani kutu ya chumvi tumeiacha Raskazoni pamoja na mabati ya nyumba za pwani, kumbe ilitutangulia huku na kutusubiri. Basi Jumamosi nzima mtu mzima anachuchumaa uani na mswaki wa zamani, anasugua mnyororo kiungo kwa kiungo, huku mkewe akimtazama dirishani na kuuliza, kwa sauti ambayo jirani lazima aisikie, kama mswaki huo ni ule wa zamani kweli.

Ukishaikabidhi, unaelekezwa kwenye kiti cha plastiki, na hapo ndipo roho inapopanda na kushuka. Mkaguzi analinyanyua gurudumu la mbele na kuutikisa uma ili asikie kama beringi za usukani zimelegea. Anaingiza kipimo kwenye tairi, kwa sababu sheria inataka mikato yake iwe na kina kisichopungua milimita 1 katika robo tatu za upana wake. Anapiga honi, na honi yangu, ambayo siku zote hulia vizuri, siku hiyo hutoa sauti ya mbuzi aliyekabwa. Anawasha taa mbele ya chombo maalumu ili aone kama mwanga unaanguka panapotakiwa, kisha anapima breki, na breki moja ikifikisha asilimia 30 na ya pili asilimia 25, umevuka. Nilipoambiwa hivyo mara ya kwanza nilishusha pumzi, kwa kuwa alama 30 katika mtihani wa kidato cha nne kule kwetu ni D, na kwa D nina uzoefu.

Ila ukianza kuuliza ni nini kisichokaguliwa, unaweza kuzirai. Magari huchomekwa mpira kwenye ekzosi ili moshi wake upimwe. Pikipiki haipimwi moshi hata kidogo. Kelele hupimwa kwa sikio la mkaguzi, na ndiyo sababu kijana wa nyumba ya tatu, ambaye pikipiki yake ikiwashwa vikombe vyetu hutembea kabatini, alirudi na cheti safi, nami ninaamini kabisa kwamba alimpata mkaguzi ambaye sikio lake limeshamalizwa na vijana kama yeye. Pikipiki isiyofungwa taa kabisa inaweza kufaulu, mradi itumike mchana tu. Lakini yangu, iliyofungwa taa zote ambazo mtengenezaji alizikusudia, balbu moja ya breki ikizimika, tumeanguka. Tena ziko zilizosamehewa moja kwa moja: tangu mwaka 2018, pikipiki iliyopita miaka 40 bila kubadilishwa maungo yake makubwa haidaiwi mtihani. Yaani ukiwa na miaka 11 unashukiwa, ukiwa na 41 unaaminiwa, kama kwamba uzee uliwahi kumkazia mtu breki. Nimepiga hesabu nikaona kwamba yangu itasamehewa mwaka ambao mimi mwenyewe nitakuwa nasukumwa kwenye kiti cha magurudumu, ambacho, kwa bahati, hakina MOT.

Lakini yote hayo ningeyavumilia kama kufaulu kungekuwa kufaulu. Mkaguzi hutoka akifuta mikono, anatabasamu, anasema imepita, na kabla hujamaliza kusema alhamdulillahi anaongeza, “Ila kuna mambo machache ya kushauri.” Hapo ndipo penye msumari wangu. Pamoja na cheti huandikwa orodha ya ushauri, mambo ambayo hayakutosha kukuangusha lakini mkaguzi ameona si haki aondoke nayo moyoni: tairi la nyuma linakaribia kikomo, mnyororo umelegea kidogo, kutu kwenye ekzosi. Ni kama posa iliyokubaliwa mbele ya wazee, kisha mjomba mmoja akasimama na kuanza kuzihesabu kasoro za bwana harusi, akisisitiza kwamba hakuna hata moja inayozuia ndoa.

Na orodha hiyo haikai mfukoni mwako. Inaingia katika tovuti ya serikali siku hiyohiyo, na mtu yeyote mwenye namba yako ya usajili anaweza kuisoma, ya mwaka huu na ya miaka iliyopita, pamoja na idadi ya maili zilizosomwa kwenye dashibodi kila mwaka. Sijui ni nani aliyemfundisha shemeji yangu wa Tanga jambo hili, ila picha niliyompelekea wakati wa sikukuu ya Idi ilionyesha kibao cha namba, naye mbele ya simu hana kazi nyingine. Nilikuwa bado njiani narudi, na mke wangu alikwisha kusomewa ripoti nzima. Nilipofika hakuniuliza kama imefaulu. Alisema, “Baba watoto, ghalani kwako ni maili mbili. Hizi nyingine zote umezikanyagia wapi?” Nilimweleza kuhusu jamaa wa kujumuika nao Birmingham, nikaeleza kuhusu msiba wa Coventry, nikaeleza kuhusu barabara zinazofungwa kwa matengenezo, na kila nilivyoeleza niliona akijumlisha vidoleni.

Huyo shemeji, ieleweke, ndiye ambaye kwa miaka mingi amekuwa akiniomba nikiichoka pikipiki hii niipakie kwenye kontena impelekee riziki kule Ngamiani, tena alikuwa akisema ataipokea hata ikiwa fremu tupu. Usiku huo alinipigia, akanipa hongera kwa mtihani, akaniuliza hali ya baridi, kisha akakohoa.

“Shemeji, lile ombi langu liko palepale. Ila nimeisoma ile orodha. Ukiituma, naomba utangulize tairi na mnyororo.”