Fundi akisema kompresa ya kiyoyozi imekufa, mwambie apime mbele yako

Ilikuwa Februari, Dar es Salaam, miezi ile ambayo joto la usiku halipungui hata ukifungua madirisha yote. Umeme ulikatika saa mbili usiku. Uliporudi baada ya dakika chache, taa za sebuleni ziliwaka kwa weupe ambao sijawahi kuuona. Televisheni ikalia "pa!" na chumbani kwa mama, mwenye presha na asiyelala joto likizidi, kiyoyozi kikatoa harufu ya plastiki inayoungua. Nilikimbilia meni swichi nikazima kila kitu. Nje nikamkuta jirani yangu, kwake taa zimefifia kama mshumaa.

Kwake giza, kwangu mwanga wa kupofusha, na nguzo ni moja. Sababu ni nyutro, waya wa kurudishia umeme. Nyumba zetu mbili zinatumia fezi tofauti, yaani nyaya tofauti za kuleta umeme. Kati ya fezi na nyutro kuna volti 230, lakini kati ya fezi na fezi kuna volti 400. Nyutro ikiachia kule juu ya nguzo, nyumba hizo zinabaki kugawana zile volti 400, tena si nusu kwa nusu. Yenye vyombo vizito vinavyofanya kazi hupata volti kidogo, na yenye vyombo vichache hubebeshwa zilizobaki. Jirani alikuwa anapiga pasi na hita ya maji inawaka. Mimi nilikuwa na taa na televisheni tu, kwa sababu kiyoyozi kilikuwa bado hakijaanza kuzungusha kompresa, ile pampu ya gesi iliyo kwenye mashine ya nje.

Naomba msomaji uishike hiyo sentensi ya mwisho. Viyoyozi vingi, umeme ukirudi, husubiri kama dakika tatu kabla ya kuwasha kompresa, ili mgandamizo wa gesi kwenye mabomba usawazike kwanza. Katika dakika hizo bodi, yaani kadi ya elektroniki inayoongoza kiyoyozi, inapokea umeme, kompresa haipokei. Kwa hiyo usiku ule aliyepigwa ni bodi.

Fundi aliyekuja asubuhi hakufika huko. Alibonyeza rimoti, akaenda kugusa mashine ya nje kwa kiganja, akasema, "Kaka, kompresa imekufa. Hii umeme mkubwa umeiua. Nunua mpya, hii nitakusaidia kuitoa." Tayari ameshika spana, anataka kulegeza mabomba. Mita ya kupimia umeme hakuitoa hata mfukoni. Nilimzuia kwa sababu moja tu, sikuwa na pesa ya kiyoyozi kipya. Leo ningemzuia kwa sababu nyingine pia: gesi iliyomo humo ni R410A, na kilo moja yake ikiachiwa hewani huongeza joto la dunia zaidi ya mara 2,000 kuliko kilo moja ya hewa ya ukaa. Gesi haikuwa na kosa lolote.

Fundi wa pili, mzee wa makamo, alianza kwa kuzima breka na kukaa kimya kidogo. Akafungua mashine ya nje, na kabla mkono wake haujagusa kitu akaweka mita kwenye kapasita, kifaa kinachohifadhi chaji ya kusaidia kompresa kuzunguka, kwani kapasita huweza kubaki na chaji ya kumrusha mtu hata umeme ukiwa umezimwa. Kisha akachomoa nyaya tatu za kompresa na kuniita nisome mwenyewe. Miguu yake ni C ya pamoja, R ya kuendeshea na S ya kuanzishia, na ukinzani wa waya za ndani hupimwa kwa omu. Kati ya C na R, omu 2 na ushee. Kati ya C na S, omu 3 na ushee. Kati ya R na S, jumla ya hizo mbili, kama inavyotakiwa. Kisha akapima kati ya kila mguu na bomba la shaba: umeme hauna njia, maana yake waya za ndani hazijagusana na chuma. Kompresa nzima. Haikuchukua hata dakika kumi.

Uharibifu ulikuwa ndani, kwenye bodi. Fyuzi ya ampea 3.15 imekuwa nyeusi, na pembeni yake varista, kile kidude cha duara mfano wa sarafu kilichoandikwa 471, kimepasuka. Kazi ya varista ni hiyo: volti zikizidi hujifanya njia fupi, fyuzi inaungua, vilivyo nyuma yake vinapona. Alilehemu varista mpya, akaweka fyuzi ya kiwango kilekile, akapima vilivyobaki kabla ya kuwasha. Varista haikufika bei ya sahani ya chipsi mayai. Wapo wanaofunga kipande cha waya mahali pa fyuzi ili mashine iwake haraka. Huyo hajatengeneza, ameondoa kinga, na siku nyingine itaungua bodi nzima au nyumba.

Nakubali si kila hadithi inaisha hivi. Kwenye kiyoyozi cha inveta, kile kinachobadilisha kasi ya kompresa, bodi ya nje ndiyo inayoendesha kompresa, ni ghali, na ikiungua vibaya hesabu inaweza kukataa. Lakini hata hapo uamuzi utoke kwenye mita, na vipimo viandikwe kwenye risiti.

Hatukuwasha mpaka nyutro ya nguzo ilipokazwa na tukasoma volti 231 kwenye soketi. Baadaye nikafunga kifaa cha kukata umeme volti zikizidi au zikipungua, chenye kuchelewesha kuwasha. Usidanganyike na friji gadi, kifaa cha kulinda friji, ya ampea 5, kwa kiyoyozi ni ndogo. Ile kebo ya matundu mengi iliyoandikwa kinga nayo haitoshi, maana imetengenezwa kwa mshtuko wa kufumba na kufumbua, na nyutro iliyokatika hudumu dakika nzima au saa.

Kinachoniuma ni mama wa nyumba ya tatu, mjane, ambaye kiyoyozi chake kiliungua usiku uleule kwenye fezi ileile ya kwangu. Yule fundi wa kwanza alipita kwake kabla ya kwangu. Nilipokwenda kumwambia asubiri tupime, mabomba yalikuwa yamekatwa, na mashine ya nje ilishapakiwa kwenye mkokoteni wa vyuma chakavu.